Fundi Aliyefuta Sauti ya Dada Yake

Kwetu Garissa mtu akitajwa tu, swali la kwanza ni la ukoo: wa nani, wa baba gani, wa kisima kipi. Kuhusu mtu huyu swali hilo sitalijibu. Alipokuwa hai mji mzima ulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu ndilo jina pekee alilolifanyia kazi. Mengine alipewa.

Nina haki ya kumwandika. Mimi ni mtu niliyejijenga kwa mikono yangu. Nilitoka hapa na begi moja, nikasoma Nairobi hadi nikapata diploma ya ufundi wa sauti, nikaenda Doha nikasimamia vyombo katika kumbi za hoteli ambazo wengi wanaonisoma hawatakanyaga, kisha nikarudi. Nilirudi kwa hiari yangu, sikufukuzwa na mtu. Studio yangu iko ghorofani, ina kiyoyozi, kuta zake zimefunikwa sponji, na diploma yangu imetundikwa mahali ambapo mteja ataiona kabla hajakaa. Kwa hiyo ninaposema napenda muziki wa huzuni, sisemi kama mtu anayeguswa na kila kinanda kinachopita. Nasema kama mjuzi. Na mapenzi hayo niliyapata katika kibanda cha Fundi, Soko Mugdi, kati ya mama aliyeuza maziwa ya ngamia na mzee aliyeuza viatu vya mitumba.

Masikio yake hayakuwa bora kuliko yangu. Kwa hilo nilimpita zamani. Hakujua kusoma mita ya sauti, na spika zake zilipasuka kila ngoma ilipopigwa kwa nguvu. Lakini alikuwa na kitu ambacho sijakiona kwa muuzaji mwingine wa muziki, si hapa, si Ghuba. Mteja alipoingia hakumuuliza, "Unataka nini?" Alimuuliza, "Nini kimekupata?"

Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame alipewa kanda yake. Mjane alipewa yake. Aliyenyimwa viza alipewa yake, na hiyo ilinunuliwa sana. Fundi alipanga kanda zake kwa misiba, si kwa majina ya waimbaji, na rafu ya juu kabisa, iliyogusa bati, ilikuwa ya waliofiwa na watoto. Huko bati lilikuwa moto mchana kutwa, kwa hiyo alitandika juu ya paa magunia yaliyoloweshwa maji ili kanda zisijikunje. "Usimpe mtu wimbo mzito kuliko msiba wake," alikuwa akisema. "Utamvunja mgongo bure."

Siku moja alikuja mtu mnene, mchuuzi wa mbuzi, akiwa amejifunga kikoi kipya.

"Nini kimekupata?" Fundi akamuuliza.

"Mke wangu amenitoroka."

"Lini?"

"Bado. Lakini naona anajiandaa."

Fundi akamtazama, akachukua kanda ya nyimbo za arusi, akamtupia. "Mpelekee huyo mama. Ukimchezea za huzuni mapema hivyo utamkumbusha njia."

Mama wa maziwa alicheka mpaka akamwaga kipimo.

Wateja wake hawakuwa Wasomali tu. Askari mmoja wa bara, aliyeletwa kwetu kwa kazi na ambaye hakujua hata neno moja la Kisomali zaidi ya salamu, alikuja na simu mkononi na macho mekundu. Kaka yake alikuwa amezikwa kijijini kwao siku hiyo, naye hakuruhusiwa kuondoka.

"Nipe kitu cha kulilia, mzee," alisema.

"Cha lugha gani?"

"Yoyote."

Fundi alimwekea kanda ya mwanamume mmoja na kaban, ile ala yetu ya nyuzi inayofanana na udi. Askari alikaa juu ya kreti ya soda, kofia magotini, akasikiliza upande mzima. Hakuelewa hata neno. Machozi yalipoanza kumtoka, Fundi alimshika begani kwa upole akamwinua. "Bole, ndugu yangu," akamwambia kwa Kiswahili chake kilichogeuza p kuwa b. "Lakini lia nje. Kanda zinashika unyevu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliuza machozi na hakuvumilia kuyaona. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote sokoni, alipenda pilau yenye mafuta, na adhana ya adhuhuri ilipoanza alizima redio katikati ya neno, akatembea haraka ili apate safu ya mbele. Nilimuuliza mara nyingi aliwezaje kuunganisha hayo mawili, msikiti na kaban. Hakujitetea. Hakusema muziki ni halali, kama wanavyosema vijana wa siku hizi waliosikia fatwa moja kwenye simu. Alisema, "Ni dhambi, adeer. Najua ni dhambi. Nitaomba msamaha kwa jumla, si kwa rejareja."

Aliniita adeer nami nikamwita adeer, kama ilivyo kwetu, mkubwa na mdogo kurudishiana neno moja la heshima. Nilipotoka masomoni aliongeza jingine. Aliniita Dibloma. Watu walidhani ananidhihaki. Mimi sikuona dhihaka. Ni jina nililolifanyia kazi.

Niseme kuhusu bendi, maana ndizo zilizotuunganisha. Karatasi za kanda nyingi zilikuwa zimechakaa, kwa hiyo Fundi aliwapa waimbaji majina yake. Walikuwepo Wazee wa Kisima, wanaume watatu wenye sauti za kukwaruza, ambao hawakuwahi kumaliza wimbo. Waliuacha tu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ilikuwepo Bendi ya Kambini, ambayo ngoma yao ilikuwa dumu la maji, na mwanamke wao aliimba majina ya miji aliyopitia akikimbia vita, mji mmoja kila ubeti, bila kueleza lolote. Bendi hizo mbili bado naziweka juu ya kila bendi niliyowahi kuisikia, nami nimesikia nyingi. Fundi alisema, "Wimbo wa furaha ni mgeni, wa huzuni ni jirani. Mgeni unamchinjia mbuzi. Jirani ndiye atakayekuzika."

Kutoka Doha nilimletea zawadi. Kule nilifanya kazi na kijana wa Kifilipino aliyenifundisha kusikiliza bendi za nchi za theluji, watu weupe wenye magitaa ya polepole na sauti kama za watu wanaozungumza usingizini. Niliwapenda kwa moyo, na bado nawapenda. Nikamwekea Fundi wimbo mmoja mrefu, nikamtafsiria maneno. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, akakuna ndevu zake zenye hina.

"Hawa hawana huzuni, adeer," alisema. "Hawa wana baridi."

Tulibishana wiki nzima. Alikosea, na nilimwambia amekosea. Hakukubali.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya pili, kwa sababu bila hiyo mtu huyu haeleweki.

Miaka ile mji wetu ulibadilika. Mashekhe walizungumza, watu wakasikia, na nyumba nyingi zikaamua kuachana na muziki. Lakini kanda ni plastiki nzuri, na mtu wa kwetu hatupi chombo kinachofaa. Wakawa wanazileta kwa Fundi, mifuko kwa mifuko, arekodi mawaidha na kisomo juu ya nyimbo. Kanda za madukani huvunjwa vijino viwili vidogo mgongoni ili zisiweze kurekodiwa tena. Fundi aliziba matundu hayo kwa selotepu, akaitia kanda kwenye mashine, akabonyeza kitufe chekundu. Wimbo aliouuza asubuhi aliufuta jioni. Nilimwona akifuta Wazee wa Kisima kwa ajili ya mwalimu wa madrasa, mdomo wake ukifuatisha maneno yanayopotea, bila sauti.

"Haikuumi?" nilimuuliza.

"Mtu ameniletea kanda yake. Ya kwake, si yangu."

Kazi hiyo ina mtego, na kila aliyeishi zama za kanda anaujua. Kama mawaidha ni mafupi kuliko upande wa kanda, basi shekhe akishamaliza dua, wimbo wa zamani unarudi palipobaki. Mzee mmoja aliaibika hivyo mbele ya wageni wake: walisema amina, na mara ile mwanamke akaanza kumlilia mpenzi wake. Kanda hiyo ilifutwa na fundi mwingine, si huyu wangu. Huyu alipima. Mawaidha yakiisha mapema aliongeza kisomo, akajaza mpaka utepe wa mwisho. Hakumwachia mteja hata pumzi ya mwimbaji. Kwa hilo alisifika hadi Wajir.

Na sasa dada yake.

Alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao, mwembamba, mwenye meno yaliyopishana. Alimwita Fundi aboowe, yaani kaka, naye Fundi akamwita abaayo, dada. Aliimba katika bendi ya mjini kwetu, watu wanne: yeye, mpiga kaban, mpiga ngoma, na mtu wa kinanda. Waliimba arusini na wakati mwingine katika ukumbi karibu na daraja. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake, na ilikuwa na ufa mdogo katikati, kama kikombe unachokipenda. Nimerekodi waimbaji wengi tangu nipate studio yangu. Sijapata ufa kama ule.

Walirekodi kanda moja tu, mchana mmoja, katika kibanda cha Fundi, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani ili kuzuia kelele za soko. Hazikuzuilika zote, katika wimbo wa pili punda analia. Wimbo wa mwisho ndio uliojulikana zaidi. Mwanamke anateka maji kwenye kisima kilichokauka:

*Ndoo yangu ingali inashuka,*
*kamba inaniishia mkononi,*
*na sijasikia imegusa maji.*

Walijaza upande mmoja, na Fundi akauza nakala zake. Wa pili waliuacha mtupu kwa ajili ya nyimbo zitakazokuja.

Hazikuja. Aliolewa Hadado, akaenda kwa mume, na kwenye uzazi wa kwanza mvua kubwa ikakata barabara. Gari lililombeba lilikaa kwenye tope. Alifia humo, na mtoto naye. Fundi alifika baada ya udongo wa kaburi kukauka.

Kwetu wengi wanaamini kwamba mwimbaji akifa, wimbo wake haufi naye. Kila unapochezwa, yeye huko aliko anaandikiwa dhambi. Mama yao aliamini hivyo. Hakumpigia mwanawe kelele, hakumlaumu kwa kanda ile aliyoirekodi kwa mikono yake. Alimwita nyumbani, akamkalisha kwenye mkeka, akamwambia jambo moja, na Fundi alinieleza neno kwa neno: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyemtia mle. Mtoe."

Alianza wiki ile ile. Nakala alizoziuza ziko wapi, alizikumbuka moja moja, kwa sababu alikumbuka misiba ya walionunua. Alikwenda kwa mjane fulani, kwa mwenye hoteli fulani, kwa dereva fulani wa lori. Alipanda malori ya mifugo mpaka Modogashe, mpaka Hadado kwenyewe, mfukoni ana selotepu na kanda ya mawaidha. Hakudai kanda apewe. Aliomba tu aifute, akairudisha pale pale. Hakuna aliyemkatalia. Wengine walilia wakimkabidhi. Aliwaambia watoke nje.

Kila mara alitumia mawaidha yale yale, ya shekhe mmoja mpole aliyezungumza juu ya subira.

Mimi ndiye niliyemkatalia.

Kanda yangu niliinunua nikiwa kijana, nikaenda nayo Nairobi, nikavuka nayo bahari. Katika chumba cha vitanda vya kupandana, Doha, wenzangu wakikoroma, ndoo ya dada yule ilishuka kisimani na kunikumbusha mimi ni mtu wa wapi. Nilipofungua studio, Fundi alikuja siku ya kwanza. Alitazama kila kitu. Aligusa sponji ukutani, akaipeleka mikono yake mbele ya kiyoyozi, akaisoma diploma yangu polepole kama mtu anayesoma jina la mgonjwa mlangoni. Kisha akasema, "Hongera, Dibloma. Imebaki moja."

"Najua," nikasema.

"Nipe."

"Sikupi, adeer. Wewe ni mtu wa nyimbo. Unajua ni nini kilicho mle."

"Najua kuliko wewe."

"Basi unaniombaje niue kitu kama hicho?"

"Aliyekufa ni yeye. Kitu hakiwezi kufa."

Hatukupatana. Tuliapishana tu: mimi sitaiingiza kwenye kompyuta wala kumchezea mtu mwingine, naye hataichukua kwa nguvu wala kwa kunipeleka mbele ya wazee. Kiapo chetu tulikitunza. Nimeingiza mamia ya nyimbo kwenye mashine yangu, lakini ile ilibaki kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Fundi alikuja kila Alhamisi. Alikunywa chai, akasifu au akaponda kazi yangu, akazungumza siasa za kaunti, na akiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, aliuliza, "Je?" Nami nikajibu, "Bado." Akaenda zake. Sijutii majibu yale. Nilikuwa na hoja, na ninayo hadi leo: sauti ya namna ile haiji mara mbili katika mji mmoja.

Wakati huo kazi yake ilikuwa imekwisha. Simu ziliua kanda. Mto Tana ulipofurika, maji ya matope yaliingia kwenye bohari yake, na alianika tepe kwenye kamba za nguo kama matumbo ya mbuzi. Nyingi hazikupona. Alihamia kutengeneza redio za tochi na chaja. Hakuna mtu tena aliyekuja kuulizwa nini kimempata. Wakati mwingine alimuuliza mteja wa chaja, kwa mazoea, na mteja akamtazama kama mwehu.

Mwaka huo huo nilipita Modogashe nikienda kufunga vyombo kwenye mkutano wa kaunti, na gari langu likaharibika. Dereva wa lori la mbuzi akanipa nafasi mbele. Redio yake ilikuwa ya zamani, yenye mdomo wa kanda. Akaweka kanda ya mawaidha.

"Hii alinirekodia Fundi wa Garissa," alisema. "Wamjua?"

"Namjua sana. Ni rafiki yangu."

"Basi mwambie amezeeka. Zamani alikuwa hodari. Hii shekhe akimaliza, kuna mwanamke anaimba mwishoni."

"Hukumrudishia aijaze?"

Dereva alibadili gia, tukapita bonde. "Nilimwambia. Akasema nikifika hapo nizime. Sijawahi kuzima," akasema, akacheka kidogo. "Wewe usimwambie hilo."

Tulifika kabla shekhe hajamaliza, kwa hiyo sikusikia. Nilihuzunika kwa ajili ya rafiki yangu. Nikasema moyoni, mkono umeanza kumsaliti. Mimi na vipimo vyangu nisingeacha kosa kama lile. Sikumwambia kitu.

Ugonjwa ulimshika kooni. Kwetu unajulikana, na jina lake tunalitaja kwa kunong'ona, kana kwamba utasikia ukaitika. Alianza kwa kushindwa kumeza nyama, kisha wali, kisha anjera iliyoloweshwa chai. Watu walichanga, nami nilichanga kuliko wengi. Akapelekwa Nairobi, akarudi na mpira umeingizwa tumboni na barua isiyohitaji kusomwa. Sauti yake, ile iliyocheka kuliko soko zima, ikawa hewa inayopita kwenye tundu.

Mara ya mwisho alipokuja haikuwa Alhamisi. Ilikuwa baada ya alasiri, jua likiwa bado kali. Nilisikia tuktuk ikisimama chini, kisha hatua zikipanda ngazi na kusimama, zikipanda na kusimama. Nilimfungulia kabla hajabisha. Kikoi alikuwa amekifunga mara mbili kiunoni kwa jinsi alivyokonda. Nilizima kiyoyozi, kwa sababu alitetemeka.

"Kaa, adeer. Nikuletee nini?"

Alitikisa kichwa. Aliketi kwenye kiti cha waimbaji, mbele ya maikrofoni, na ilinibidi niiname ili nimsikie.

"Sikuja kukuuliza 'je', Dibloma."

"Umekuja kwa nini?"

"Nitamkuta karibuni." Alipumzika, akavuta hewa. "Nikifika ataniuliza, 'Aboowe, ulimaliza?' Nimjibu nini? Nimwambie imebaki moja, iko kwa Dibloma, juu ya kabati?"

Hoja yangu ilikuwepo, nzima, na haikunifaa kitu. Nilipanda kwenye kiti nikashusha lile kopo.

Aliitoa kanda, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye matundu ya mgongoni. Selotepu alikuja nayo, na mawaidha pia. Ninayo mashine ya kanda mbili, niliyoinunua kuukuu Doha na kuitengeneza mwenyewe. Nikaifuta vumbi na kuiwasha. Nilitaka kumbonyezea. Akausogeza mkono wangu taratibu, akabonyeza mwenyewe kitufe chekundu.

Tulikaa tukisikiliza subira. Anayefuta hasikii kinachoondoka. Anasikia kinachoingia tu. Shekhe alizungumza juu ya Ayubu na vidonda vyake, kwa sauti yake ile ya upole, nami nikawa namfuata kichwani aliyekuwa akipotea chini yake: sasa wimbo wa kwanza, sasa punda, sasa kaban inaingia kwenye wimbo wa kisima. Fundi alifumba macho. Midomo yake haikufuatisha maneno safari hii.

Shekhe alifika kwenye dua. Tulisema amina, mimi kwa sauti, yeye kwa pumzi. Akasimamisha mashine.

Nilitazama utepe kupitia kidirisha. Ulibaki.

"Adeer, upande haujaisha. Ngoja niweke kisomo tujaze."

"Najua haujaisha," alinong'ona. "Naujua ulivyo."

Akabonyeza kitufe cha kusikiliza.

Dada yake akaimba ubeti wa mwisho. Ndoo ikashuka, kamba ikaisha mkononi, na ule ufa ukapita katikati ya neno la maji kama ulivyopita siku zote. Kaban ikanyamaza. Kisha ikasikika sehemu ambayo niliijua na sikuwahi kuifikiria, kwa kuwa siyo wimbo: kibanda, soko kwa mbali, na sauti nene ya mwanamume kijana, iliyojaa kicheko, ikiuliza, "Umechoka, abaayo?"

Na yeye, akivuta pumzi: "Bado."

Kanda ikagonga mwisho.

Ndipo nikamkumbuka dereva wa Modogashe, na mjane, na mwenye hoteli, na Hadado, na mawaidha yale yale mafupi yaliyobebwa kwenye mfuko mmoja miaka yote. Fundi aliyepima hakuwa amesahau kupima.

"Na hicho je?" nilimuuliza. "Hicho kilichobaki. Akikuuliza?"

Alifungua macho. Alinionyesha kwa kidole, kwanza mashine, kisha kifua chake mwenyewe, akaniashiria niiname.

"Yake nimeyatoa," alisema. "Hicho ni changu. Kiandikwe kwangu."

Akaitoa kanda mashineni. Akatafuta ncha ya selotepu kwa ukucha, akaibandua pole pole kwenye tundu la kwanza, kisha la pili, ili mtu yeyote asiweze tena kurekodi juu yake. Akaivingirisha selotepu ikawa kipunje, akaitia mfukoni. Kisha akanirudishia kanda yangu.